UZI: Prosesa ya kuovakloki kwa mashine ya kujiundia, na hili joto letu la Mombasa

Dada Kamera, Kisauni

Assalaam alaykum wadau. Nawaomba mawazo kabla sijatoa pesa.

Mimi napiga video za harusi, upande wa kina mama: hina, kupamba, kesha. Mnajua wenyewe video hizo hazitoki nje. Siwezi kumpelekea kijana wa studio mjini anikatie, maana watu wameniamini na sura za mama zao na dada zao. Kila kitu nakata mwenyewe nyumbani, na kompyuta niliyo nayo imeelemewa. Ni hizi za ex-UK, mtumba wa ofisi kutoka Uingereza, ina prosesa ya Intel Core i5-6500 ya viini 4, yaani vichwa vinne vya kufanya hesabu. Video ya dakika saba naiweka itoke, naswali isha, nakula, naosha vyombo, narudi, bado yahesabu.

Nimeamua kuunda mashine yangu. Kadi ya picha ninayo tayari, GTX 1660 Super niliyouziwa na binamu yangu. Kwa prosesa, ubao mama, RAM, pawa saplai na kasha nimetenga shilingi 85,000. Nimesoma kwamba ukiovakloki, yaani ukiipandisha prosesa mwendo kupita ule iliotoka nao kiwandani, wapata kasi ya bure. Nimeingia kwenye BIOS ya hii ya zamani, ile mipangilio ya ubao kabla Windows haijawaka, nimepekua kurasa zote, sikuona pa kubadilisha chochote. Basi ninunue ipi inayokubali? Intel ama Ryzen ya AMD? Na chumba changu kimeezekwa mabati, saa tisa mchana kipimajoto cha ukutani chasoma nyuzi 34. Itahimili?

Kijana wa Buxton

Dada, chukua i9 yoyote yenye K mwisho, kizidishi kiko wazi, weka 5.5 umalize kazi. Za mtumba zapatikana Nairobi, basi la usiku lakuletea, asubuhi unayo mkononi.

Fundi wa Mwembe Tayari

Waalaykum salaam dada, karibu. Kijana wangu, i9 kwenye chumba cha mabati ni kumtia dada wa watu hasarani, na nitasema kwa nini.

Nianze na hiyo ya zamani. Macho yako hayakukosea, hakuna cha kuona. Mwendo wa prosesa hupatikana kwa kuzidisha: saa ya msingi ya ubao, ambayo ni megahezi 100, mara kizidishi kilichomo ndani ya prosesa. 100 mara 36 ndiyo gigahezi 3.6 za i5-6500 yako ikikaza mbio. Kizidishi hicho kimefungwa, na ubao wa hizi kompyuta za ofisi nao hauna mlango wa kukifungulia. Usitegemee pawa saplai yake pia. Nyingi za ex-UK zina plagi zao zenyewe, haziingii kwenye ubao wa kawaida.

Intel hufungua kizidishi kwenye zenye herufi K, na hata hizo mpaka zikae kwenye ubao wa Z, kama Z690 au Z790. Ubao wa B760 utakubali kupandisha RAM. Viini vya prosesa, hapana. Nimeona watu wakinunua K kwa bei ya K halafu wakaikalisha kwenye B, pesa ya herufi ile ikapotea. Upande wa AMD karibu Ryzen zote ziko wazi, kinachofunga ni ubao. A320, A520 na A620 haziruhusu. B450, B550 na B650 zaruhusu.

Sasa hiyo kasi ya bure. Ilikuwako kweli. Mwaka 1998 kulikuwa na Celeron 300A, prosesa ya megahezi 300; ukibadilisha saa ya ubao kutoka 66 hadi 100 ilikimbia 450, nusu nzima juu. Mwaka 2011 ikaja i5-2500K, imetoka kiwandani na gigahezi 3.3, na kuifikisha 4.5 halikuwa jambo la kushangaza. Tangu hapo viwanda vimejifunza. Prosesa za leo hujipandisha zenyewe mpaka karibu na mwisho wa uwezo wake. Kilichobaki juu ni kidogo, nacho hulipiwa kwa joto.

Nikufanyie hesabu uone. Joto ambalo prosesa hulitoa, yaani wati zake, hufuata mwendo, mara volteji, mara volteji tena. Tuseme yako yaenda 4.4 kwa volti 1.20. Wataka 4.8, na haitulii mpaka uipe volti 1.35. Mwendo umepanda asilimia 9. Joto limepanda asilimia 38. Na joto hilo haliendi popote, latoka nyuma ya kasha na kubaki humo chumbani mwako, juu ya hizo 34.

Wanaopima prosesa huko Ulaya hupimia kwenye vyumba vya nyuzi 20 na kidogo. Kipozaji cha feni, hata kile cha maji, hakiwezi kuishusha prosesa chini ya hewa ya chumba. Kwa hiyo ukisoma kwamba fulani alipata nyuzi 75 kwenye kazi nzito, ongeza tofauti ya chumba chake na chako, kama 12 hivi. Uko 87 tayari. Ryzen 7000 hujipunguza mwendo zikigonga 95, Intel nyingi zikigonga 100. Nafasi ya kupandia umeshaila kabla hujaanza.

Hili limenifika mwenyewe. Nilimuundia mteja mmoja mashine mwezi wa Julai, kusi lavuma, usiku chumba kina nyuzi 24. Nikaipandisha, nikaijaribu saa sita mfululizo, ikatulia kama maji ya mtungi. Nikamkabidhi nikiwa na furaha. Februari, kaskazi imekolea, akanipigia simu: yajizima yenyewe kila baada ya adhuhuri. Nilikwenda nikaikuta nyuzi 97. Nilikuwa nimeipima kwa hewa ya msimu mwingine. Nilirudisha volteji chini, nikamwekea feni mbili kwa gharama yangu, na tangu siku hiyo siipimi mashine ya mtu usiku.

Kwa hivyo dada, kwa pesa yako na chumba chako ningekwenda Ryzen 5 5600 kwenye ubao wa B550. Viini 6, wati 65 kwenye karatasi, na ina akiba ya ndani (cache, kumbukumbu ndogo ya haraka iliyomo ndani ya prosesa) ya megabaiti 32. Tazama boksi kwa makini. Ryzen 5 5500 na 5600G zafanana nayo kwa jina lakini zina megabaiti 16, na watu wa dukani huzitoa kwa mkono mmoja kama ni kitu kile kile. Pesa itakayobaki itie kwenye kipozaji kizuri na kasha lenye wavu mbele, si kioo.

Mhariri wa Nyali

Fundi, kwa heshima zote, hapa sikubaliani nawe moja kwa moja. Umezungumza na dada kana kwamba kazi yake ni kucheza gemu.

Mimi nina i5-12600K kwenye Z690, miaka mitatu sasa. Viini 10, 6 vikubwa na 4 vidogo. Nimeipandisha viini vikubwa kidogo tu, lakini kilichonifanya nikae nayo si hicho. Ndani ya Intel hizi mna kadi ndogo ya picha yenye sehemu maalumu ya kufungua video, waiita Quick Sync. Kamera nyingi mpya zatoa faili za H.265, namna mpya ya kubana video, za biti 10, rangi 4:2:2, yaani zenye rangi nyingi na nzito kufungua. Faili hizo kadi kama GTX 1660 haiwezi kuzifungua kwa maunzi yake, wala Ryzen 5600 haina kadi ya ndani kabisa. Kazi yote yaangukia viini. Utavuta mstari kwenye taimlaini na picha itakuja kwa kukwama kwama, hata uipandishe prosesa mpaka dari.

Kwa hivyo kabla ya kuzungumza gigahezi, tumuulize dada kamera yake yatoa nini. Na akichukua Intel asichukue ile ya KF, maana F ndiyo waliyoinyima hiyo kadi ya ndani. Bei huwa chini kidogo na mtu huona ameokoa.

Fundi wa Mwembe Tayari

Mhariri, hapo umesema neno. Nilipaswa kuanza na swali hilo. Dada, kamera yako yatoa faili za namna gani? Ukiwa hujui, chukua faili moja uifungue na MediaInfo, tafuta palipoandikwa biti na rangi.

Kijana wa Buxton

Na zile Ryzen za X3D, zenye akiba ya ziada, je? Nasikia ndizo baba lao.

Fundi wa Mwembe Tayari

Kwa gemu, ndiyo. Kwa kuovakloki ilitegemea mwaka. Ryzen 7 5800X3D ya 2022 imefungwa kizidishi, kwa sababu akiba ya ziada imelazwa juu ya viini na joto halipati pa kutokea. 7800X3D nayo imefungwa. 9800X3D iliyotoka mwishoni mwa 2024 ndiyo waliyoigeuza, akiba chini, viini juu karibu na kipozaji, wakaifungua. Ni prosesa nzuri sana, ila peke yake itakula nusu ya bajeti ya dada na zaidi. Tuiache.

Dada Kamera, Kisauni

Nimefungua faili tatu za harusi tofauti. Zote zimeandika AVC, biti 8, 4:2:0.

Mhariri wa Nyali

AVC ndiyo ile H.264 ya zamani, nyepesi kuliko H.265. Basi kadi yako ya 1660 Super itazifungua bila shida. Kwa faili hizo siwezi kukushikilia Intel. Ubao wa Z pekee ungekumaliza. Siku ukibadilisha kamera, rudi hapa kwanza.

Mama wa Saiba, Tudor

Nimesoma kimya muda mrefu, naomba niongeze ambayo hamjayagusa. Nina saiba, mashine 14, mwaka wa 9 huu karibu na maji.

La kwanza ni hizo i9 za mtumba alizotaja kijana. Mwaka 2024 Intel wenyewe walikiri kwamba prosesa za kizazi cha 13 na cha 14, hasa kubwa, zilikuwa zikijiomba volteji kupita kiasi na kuharibika taratibu. Walitoa marekebisho ya BIOS mwezi wa Agosti na Septemba mwaka ule, na wakaongeza waranti miaka miwili kwa zilizouzwa kwenye boksi. Lakini marekebisho hayaponyi iliyokwisha kuumia. Ukiokota ya mtumba hujui imetumika vipi kabla ya marekebisho, na waranti huna. Dada asiiguse.

La pili ni stima. Huku kwetu hukatika, na mbaya kuliko kukatika ni kule kurudi kwake, taa zawaka, zafifia, zawaka. Mashine iliyopandishwa mwendo haina uvumilivu wa hayo. Nilinunua pawa saplai za bei rahisi duka moja, boksi limeandikwa wati 600. Nilipoifungua moja iliyokufa nilikuta ndani nyepesi, koili mbili tatu, na kwenye nafasi ya kichujio cha stima kinachotakiwa kuwako pametobolewa matundu ya sehemu ambazo hazikuwekwa. Ilipokufa iliondoka na ubao. Tangu siku hiyo nanunua zenye cheti cha 80 Plus, na naishika mkononi kabla ya kulipa. Uzito wake wakuambia kitu. Na kila mashine ina UPS, ile betri ya kuishikilia stima ikikatika.

La tatu ni chumvi. Watu wa bara hawalijui hili. Hewa yetu ina unyevu na chumvi, vumbi likiingia haliwi vumbi la kupulizwa, lashikana kwenye mapezi ya kipozaji kama sufi iliyolowa. Mwaka jana nilifungua mashine iliyo karibu na dirisha: skrubu zimeshika kutu, mapezi ya alumini yameota unga mweupe, na nafasi kati yao imezibwa kabisa. Hewa haipiti. Ilikuwa nyuzi 15 juu kuliko mwenzake wa ukutani, prosesa ile ile, kazi ile ile. Nilitoa kipozaji, nikapiga brashi ya rangi iliyo kavu, nikasafisha kwa spiriti, nikatia pesti mpya ya kupitisha joto, zikarudi sawa. Kwa hiyo dada, panga kufungua kila baada ya miezi 3. Hakuna ovakloki itakayoshinda usafi.

Dada Kamera, Kisauni

Shukran sana Mama wa Saiba, na wote. Nimenunua 5600, B550, RAM mbili za gigabaiti 16 za 3600, pawa saplai ya 80 Plus nimeipima mkononi kama ulivyosema. Nimeiunda mwenyewe jana na ikawaka mara ya kwanza, alhamdulillah. UPS itasubiri malipo ya harusi ijayo. Fundi, nishike mkono sasa. Naanzia wapi kuipandisha?

Fundi wa Mwembe Tayari

Hongera dada. Fanya hivi, na ufanye mchana saa nane, dirisha likiwa kama linavyokuwa siku zote.

Anza na RAM, si prosesa. Ndani ya BIOS washa XMP, mpangilio wa mwendo uliokuja na RAM yenyewe, la sivyo RAM yako itakimbia mwendo wa chini na hutajua. Hakikisha imekaa 3600 na saa ya ndani ya AMD imekaa 1800. RAM hupeleka data mara mbili kwa kila pigo la saa yake, basi 3600 ni mapigo 1800, na saa mbili hizo zaenda sawasawa, moja kwa moja. Kisha iache MemTest86, programu ya kupima RAM, ipite usiku kucha. Kosa moja tu likitokea, shusha hadi 3200. Usije ukaigusa prosesa na RAM kwa siku moja, maana ikianguka hutajua nani mwenye kosa.

Prosesa: sahau mambo ya kuandika 4.8 kwa mkono na kuikaba hapo. Ryzen hizi zina kitu chaitwa Curve Optimizer, ndani ya ukurasa wa PBO, ule wa AMD wa prosesa kujipandisha yenyewe. Kazi yake ni kuiambia prosesa, kwa kila mwendo jipunguzie volteji kiasi hiki. Volteji ikishuka joto lashuka, na joto likishuka yenyewe yajiongeza mwendo kwa wati zile zile. Umeona hesabu ya juu? Hii ndiyo ile ile imegeuzwa kichwa chini, na kwa vyumba vyetu ndiyo njia ninayoiamini. Namba zake ni hatua za kupunguza, si volti. Anza hasi 10 kwa viini vyote. Siku mbili kazini. Kisha hasi 15, hasi 20. Kikomo cha wati kiache pale pale kiwandani, 76, juu kidogo ya zile 65 za karatasi. Ukitaka ongeza megahezi 100 juu ya kikomo cha mwendo, si zaidi.

Pima joto na mwendo kwa HWiNFO, na uibebeshe kazi nzito ya majaribio kwa OCCT. Lakini jihadhari: mashine iliyopunguziwa volteji mno kwa njia hii mara nyingi haianguki ikiwa na kazi nzito. Huanguka ikiwa imetulia, wewe umekwenda kunywa chai. Ikigoma kuwaka kabisa, zima, chomoa waya, toa ile betri ya mviringo kwenye ubao dakika chache, BIOS itasahau yote.

Na AMD hawatambui waranti kwa uharibifu utokanao na kuipandisha, hata kwa PBO. Ulijue hilo mapema.

Dada Kamera, Kisauni

Wiki tatu zimepita, naleta majibu na namba zake.

RAM ilipita usiku mzima bila kosa. Prosesa nilianza hasi 10, ikaenda vizuri, hasi 20 vizuri. Nikaona mbona rahisi, nikaruka hasi 30. OCCT saa nzima, salama. Usiku saa saba nimelala, nikasikia mlio wa kuwaka tena. Nilipoamka kuitazama, ilikuwa imejizima na kujiwasha bila kazi yoyote, kama Fundi alivyosema. Nikarudi 20, ikakaa siku nne, ikaanguka tena nikiwa nafungua barua pepe. Ile taarifa ya kosa ndani ya Windows ilitaja kiini kile kile mara mbili, basi hicho kimoja nimekiwekea hasi 12, vingine vitano hasi 20. Tangu hapo haijaanguka.

Video ile ile ya dakika saba, nikiitoa kwa prosesa peke yake bila msaada wa kadi: kompyuta ya zamani dakika 41. Hii mpya ilivyotoka kiwandani, dakika 13 na sekunde 20. Baada ya marekebisho, dakika 12 na sekunde 48. Joto lilikuwa 84, sasa 78, chumba kikiwa 33.

Kijana wa Buxton

Yaani kazi yote hiyo kwa sekunde 32?

Dada Kamera, Kisauni

Sekunde 32 na nyuzi 6, kaka. Nyuzi 6 ndizo zilizonifaa zaidi. Feni sasa haipigi kelele, na mama yangu alala chumba cha pili.

Mhariri wa Nyali

Namba safi. Nimejaribu yangu leo kwa mtindo huo, nimeondoa ovakloki na kupunguza volteji kwa 0.05. Mwendo nimepoteza kidogo sana, joto limeshuka nyuzi 9. Nadhani nitaiacha hivi mpaka kusi lianze.

Dada Kamera, Kisauni

Wadau, Januari hii, kaskazi imekolea, na harusi zimebanana kila mtu awahi kabla ya Ramadhani. UPS imeshaingia. Leo saa tisa mchana kipimajoto cha ukutani 35, prosesa 81 ikiwa kazini. Asubuhi nimefungua kasha, nimepiga brashi mapezi. Vumbi lilikuwa limeanza kushikana upande wa dirisha, nimehamisha meza. Harusi ya nne ya mwezi inatoka sasa hivi, imebakisha dakika 5.